Barua ya tuzo ikifika, anza na ukurasa wa pili

Kwenye mafunzo ya watumishi wa wilaya tuliyoendesha hapa Uganda mwaka jana, afisa mmoja wa maji alichomoa kwenye bahasha barua yenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Alikuwa ameteuliwa kuwa kiongozi bora wa utumishi wa umma Afrika nzima. Wenzake wakapiga makofi. Nikamwomba nami niisome.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa sifa tupu, bila kutaja hata kazi moja aliyoifanya. Ukurasa wa pili ndio uliosema kweli: ada ya meza ya chakula cha jioni hotelini Dubai, ada ya kombe, ada ya picha. Nauli ya ndege ajitegemee. Na mzee wetu alikuwa ameshaandika dokezo ofisini kuomba fedha.

Tuzo zenye uzito huulizia ushahidi kabla ya jambo lolote. Chukua Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wanaopita mchujo wa kwanza hunolewa kwa miezi kadhaa, kisha husimama mbele ya majaji wanaouliza maswali ya kukera. Mwaka 2018 Mganda Brian Gitta, akiwa na miaka 24, aliondoka na pauni 25,000 kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu: kinabana kidole, kinamulika mwanga mwekundu, majibu yanakuja kwenye simu. Alikiita Matibabu. Jina la Kiswahili kutoka Kampala, nami hujivuna kila nikilitaja. Mwaka 2023 tuzo hiyo ilirudi Uganda kwa Anatoli Kirigwajjo na Yunga, mtambo unaowaunganisha majirani na polisi mwizi anapoingia.

Hapa wengi huchanganya mambo. Kifaa cha Gitta kilikuwa bado kwenye majaribio kiliposhinda. Tuzo ya ubunifu hutolewa kwa wazo linaloonyesha dalili za kufika mbali. Haimpi mtu kibali cha kupima wagonjwa. Akija mfanyabiashara kukuuzia kifaa cha afya kwa sababu "kimeshinda Ulaya", mwulize kimeidhinishwa na nani hapa nchini.

Tuzo za utumishi hutazama nyuma, kwenye kazi iliyokwisha kufanyika. Zile za Umoja wa Mataifa, zilizoanza mwaka 2003 na kufungamanishwa na Siku ya Utumishi wa Umma, tarehe 23 Juni, huenda kwa taasisi na mradi wake. Mkubwa wa ofisi hulipokea kombe kwa niaba tu. Hata pale anapotuzwa mtu mmoja, kazi huwa imetangulia miaka mingi. Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka aligundua miaka ya tisini kwamba gorila wa msitu wa Bwindi, Uganda, walikuwa wakiambukizwa upele na binadamu. Mwaka 2003 akaanzisha shirika linalohudumia afya ya wanakijiji na ya gorila kwa pamoja. Tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa ilimfikia mwaka 2021.

Kipimo kingine nikipendacho: je, tuzo hiyo inaweza kukosa mshindi? Tuzo ya Mo Ibrahim kwa marais wastaafu ina dola milioni tano, lakini mwaka 2009 na 2010 haikupewa mtu. Wale wa Dubai hawakosi mshindi hata siku moja. Watamkosaje, naye ndiye mteja?

Na hata ukishinda kihalali, usikimbilie kuipeleka zawadi nyumbani. Sheria yetu ya Uganda ya Maadili ya Uongozi ya mwaka 2002 inasema zawadi anayopewa kiongozi kwenye hafla ya umma ni ya serikali au taasisi anayoiwakilisha, na lazima itangazwe kwa Inspekta Jenerali wa Serikali, mkuu wa ofisi inayopambana na rushwa.

Yule afisa alilichana dokezo lake wakati wa chai. Kabla ya kuondoka akanifuata na daftari kuukuu lenye madoa ya grisi: kila kisima cha pampu kilichoharibika, siku kilipoharibika, siku kilipotengenezwa, na saini ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Akauliza, kwa aibu kidogo, kama kitu kama kile kinaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi.

Nikamwambia akatoe nakala kabla mvua haijalifikia.