Hospitali ya Wajerumani, London: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Ilikuwa ya Wajerumani peke yao."
Jina ndilo linalopoteza watu. Ilipofunguliwa Oktoba 15, 1845, ikiwa na vitanda 12 huko Dalston, kigezo cha kulazwa kilikuwa lugha, si uraia. Vibarua wengi wa viwanda vya kusafisha sukari kule Whitechapel walikuwa Wajerumani, na asiyejua Kiingereza alishindwa hata kumweleza daktari panapomuuma. Mswisi aliyezungumza Kijerumani alipokelewa; Mwingereza aliyepata ajali naye alitibiwa. Mwaka 1891 alilazwa Joseph Conrad, baharia Mpolandi ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu wa riwaya, akiwa hoi kwa maradhi aliyotoka nayo Kongo, alikopanda mto hadi mahali ambapo leo ni Kisangani.

"Wauguzi wake walifundishwa na Florence Nightingale."
Kinyume kabisa. Walikuwa masista wa Kiprotestanti kutoka Kaiserswerth, Ujerumani. Nightingale, Mwingereza anayetajwa kuwa mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliwakuta kazini alipoitembelea hospitali mwaka 1846, miaka minane kabla hajaenda kwenye vita vya Crimea. Mwaka 1851 akaenda Kaiserswerth kwenyewe kusomea kazi hiyo kwa takriban miezi mitatu.

"Vita na Ujerumani ndivyo vilivyoifunga."
Hii husemwa sana kwa sababu inaingia akilini. Lakini katika vita vya 1914 hadi 1918, wakati maduka ya Wajerumani yakivunjwa mashariki mwa London, wauguzi Wajerumani waliendelea na kazi wodini. Mwaka 1936 likaongezwa jengo jipya lenye wodi za wazazi na watoto. Pigo lilikuja 1940: wafanyakazi Wajerumani walikamatwa na kupelekwa kizuizini kisiwa cha Man. Hata hapo milango haikufungwa. Waingereza walishika nafasi zao. Mwaka 1948 serikali iliitwaa pamoja na hospitali nyingine za hisani, na uhusiano wake na Ujerumani ukakatika. Kuanzia 1974 ikahudumia wagonjwa wa akili na wazee. Ilifungwa 1987, baada ya hospitali mpya ya Homerton kufunguliwa jirani.

"Ilibomolewa."
Hapana. Jengo la 1864 na lile la 1936 yamo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na sasa watu wanaishi humo. Anayetafuta jina la babu aliyelazwa huko aulize kwenye hifadhi ya nyaraka ya Hospitali ya St Bartholomew, kwani rekodi ziko huko.