Barua ya tuzo haikufungulii mlango wa shule

Msimu wa tuzo za utafiti za wanafunzi ukifika, ofisi yetu ya kamati ya maadili ya utafiti huwa haipumui, na mwaka huu malalamiko ya wazazi nayo yamezidi, ndio maana tumeambiwa tuandike haya. Kwanza hongereni. Zamani kumpata mwanafunzi anayefanya tasnifu ya usonji au mtindio wa ubongo ilikuwa kazi, sasa wapo, na kuna wanaolenga mbali hadi INSAR, chama cha kimataifa cha utafiti wa usonji, ambako kuna tuzo ya tasnifu ya uzamivu. Tunataka mshinde.

Shida ni hii imani ati ukishapata barua ya tuzo basi uko sawa, unaingia shuleni unaanza kuhoji watoto. Barua ya tuzo ni ya pesa, basi. Unaanza na kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI (tume ya taifa ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu), halafu leseni ya NACOSTI yenyewe, unaiomba mtandaoni na inadumu mwaka 1, halafu unaripoti kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla hujakanyaga shule yoyote, halafu mwalimu mkuu, halafu mzazi, halafu mtoto mwenyewe. Ndio, mtoto mwenyewe. Kama haongei, tuandikie kwenye pendekezo lako utajuaje amekataa. Akigeuza uso, akisukuma karatasi, akianza kulia, unaacha hapo hapo, hata kama mamake ashasaini.

Na hiyo sahihi ya mama nayo ina maneno. Tunaletewa fomu ya Kiingereza, kurasa chungu nzima, mama alikuwa amempeleka mtoto EARC, kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum ya elimu, kupimwa, akawekeshwa kidole gumba chini ya mstari unaosema amesoma na kuelewa. Nani alimsomea? Shahidi yuko wapi? Hiyo tunairudisha bila mjadala. Fomu iwe kwa Kiswahili au lugha ya pale, asomewe, na shahidi awe mtu asiyehusika na utafiti.

Kuna wengine, mhusika ana miaka 24, ana ulemavu wa akili, na fomu inapelekwa kwa mamake peke yake kana kwamba yeye hayupo. Huyo ni mtu mzima jamani! Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, someni kifungu cha 12 (usawa mbele ya sheria) na cha 15 (kutofanyiwa majaribio bila ridhaa yako). Mama anaweza kumsaidia kuelewa, lakini anayeulizwa ni yeye.

Sasa picha, ambazo ndizo zimeleta malalamiko mengi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na habari za afya ni data nyeti. Mwaka 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Faini ya ofisi ya Kamishna wa Data inaweza kufika milioni 5, na ukifikishwa kortini adhabu ya jumla ni hadi milioni 3 au miaka 10 jela, au vyote viwili. Tumeona bango la shindano, mtoto amezibwa macho kwa utepe mweusi ila sweta ina nembo ya shule na kitimwendo kimeandikwa jina lake. Sasa hapo umemficha nani?

Kuhusu vipimo vya ukuaji wa mtoto, kabla ya kupakua kile cha Marekani chenye picha za vitu ambavyo mtoto wa Ganze, kule Kilifi, hajawahi kuona, angalia Kilifi Developmental Inventory, ilitengenezwa Kilifi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Kama watoto wako ni wakubwa zaidi, haikufai, tueleze umejaribu nini kingine.

Na wale washakusanya data tayari bila kibali, tafadhali msitutumie imeili mkiomba tarehe irudishwe nyuma. Kamati haitoi kibali cha kazi iliyokwisha fanyika, hata dedilaini ya tuzo ikiwa kesho, na msimamizi wako analijua hilo vizuri tu.