Mwai Kibaki: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Alikuwa msomi aliyejiingiza katika siasa uzeeni." Sivyo. Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, aliacha kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 1960, hata miaka 30 hajafika, akarudi Nairobi kuwa afisa mtendaji wa chama cha KANU. Mwaka 1963 akachaguliwa mbunge wa Donholm. Eneo bunge la Othaya alihamia 1974. Siku alipoapishwa kuwa rais, 30 Desemba 2002, alikuwa na miaka 39 bungeni bila kukatiza. Na uprofesa anaopewa na baadhi ya watu si wake: Makerere alikuwa mhadhiri msaidizi.

"Alipokuwa Hazina, yaani wizara ya fedha, uchumi ulinyooka kwa sababu ya usomi wake." Hapa watu huchanganya mambo. Alikuwa waziri wa fedha kuanzia 1969 hadi 1982, na tangu 1978 alikuwa makamu wa rais pia. Katika muda huo bei ya mafuta ilipaa mara mbili, 1973 na 1979. Katikati ya hayo, Julai 1975, baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, kahawa ikaadimika duniani, na kufikia 1977 mkulima wa Kenya alikuwa anauza kwa bei ambayo hakuwahi kuiota. Bei ilipoporomoka, serikali ilikuwa imekwisha kuzoea kutumia mapato ya msimu wa neema. Anayempa sifa za 1977 ampe na lawama za 1980, ingawa kwa kweli Hazina haipangi bei ya kahawa wala ya mafuta.

"Aliukuta uchumi chini, akauacha ukikua kwa asilimia 7." Nusu ni kweli. Mwaka 2002 ukuaji ulikuwa chini ya asilimia 1, na 2007 ulikaribia 7. Lakini aliondoka 2013, si 2007. Vurugu za baada ya uchaguzi zilishusha ukuaji wa 2008 hadi chini ya asilimia 2. Tena uchumi uliodorora ni kama kiwanda: kiwanda kilichokuwa kikifanya kazi nusu siku kikirudia siku nzima, asilimia hupanda haraka hata kabla ya mashine mpya kununuliwa. Hata mamlaka ya ushuru, KRA, iliyomkusanyia mapato, ilianzishwa 1995 wakati wa Moi, rais aliyemtangulia.

"Elimu bure ilimaanisha mzazi halipi kitu." Kilichofutwa Januari 2003 ni karo ya shule za msingi. Serikali ilipeleka shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa, 370 za kuendeshea shule. Sare ilibaki kwa mzazi. Watoto walimiminika, walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na madarasa yakafurika.

"CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ilikuwa wazo lake." Aliyeisukuma bungeni ni Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou. Kibaki aliidhinisha sheria hiyo, iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya serikali: robo tatu kugawiwa sawa kwa maeneo bunge yote, robo kwa kipimo cha umaskini.