Oili ya kasha la cheni kwenye pikipiki ya theluji: anza na namba yenye W

Kasha la cheni, yaani boksi lenye cheni inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda unaosukuma mashine, halina pampu wala filta. Sproketi (gurudumu la meno) ya chini inazama kwenye oili, na cheni yenyewe ndiyo inayoibeba kuipeleka juu. Oili ikigandishwa na baridi, cheni huchimba mfereji wake humo na kupita pakavu, na beringi ya juu, inayozunguka kwa kasi kuliko ya chini, inabaki na kiu.

Kwa hiyo namba yenye W, inayohusu oili kwenye baridi, ndiyo ya kuangalia kwanza. Kwa kipimo cha SAE J306, kinachopanga oili za gia kwa mnato wake, oili ya 75W haitakiwi kuzidi mnato wa sentipoizi 150,000 kwenye nyuzi -40 za Selsiasi. 80W hupewa kikomo hichohicho kwenye -26, na 85W kwenye -12 tu. Oili ya 85W-140 ya difu za malori inaweza kuwa nzuri sana, lakini si ya hapa.

Namba ya pili inahusu oili ikiwa moto. Kwa injini yenye nguvu, kuvuta mizigo, au diski ya breki iliyokaa jirani na kasha, nachagua sintetiki ya 75W-140. Kitabu cha mashine kikitaja 75W-90, fuata kitabu. Usizilinganishe namba hizi na za oili ya injini, mizani ni tofauti: 90 ya gia inakaribiana na 40 au 50 ya injini.

Mashine nyingi hutaka mililita 250 hadi 350. Pima kwa chombo chenye alama, kisha hakiki kwa dipstiki mashine ikiwa imepoa na imesimama sawasawa. Ukizidisha, cheni huikoroga oili ikawa povu, joto hupanda, na oili hutokea kwenye tundu la kupumulia.

Badilisha msimu unapoisha, kabla ya kuhifadhi, maana maji yakibaki ndani miezi yote ya joto cheni hupata kutu. Oili ya rangi ya maziwa ina maji. Uji wa kijivu kwenye sumaku iliyo ndani ya kasha, inayonasa chembe za chuma, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyenye kingo ni meno ya sproketi, cheni au beringi. Chunguza pia oili yenyewe kwenye mwanga. Cheni iliyolegea hukwangua ukuta wa kasha, na unga wa aluminiamu au magnesiamu haushikwi na sumaku. Ukiona inametameta, fungua kava ukague tenshena (kikaza cheni) kabla ya kumimina oili mpya.