Je, wajua kwa nini watafiti wa nasaba za New England bado huanza na kitabu cha mwaka 1860?

Mtu anayemtafuta babu yake aliyetoka Uingereza katika miaka ya 1630 na kuhamia New England, pwani ya kaskazini mashariki ya Marekani, hana sensa ya kumwongoza. Sensa ya kwanza ya taifa hilo ilifanyika mwaka 1790, na orodha za abiria wa meli zilianza kukusanywa na serikali kuu mwaka 1820. Kwa kipindi cha mwanzo cha ukoloni, kilichobaki ni madaftari ya makarani wa miji, vitabu vya makanisa, wasia na hati za ardhi, tena vimetawanyika mji kwa mji. Ilibidi atokee mtu wa kuvipitia vyote na kuvipanga kwa majina.

Mtu huyo alikuwa James Savage wa Boston, ambaye alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 75 alianza kutoa kamusi ya nasaba yenye majuzuu manne, kati ya 1860 na 1862. Aliorodhesha vizazi vitatu vya wahamiaji waliofika kabla ya Mei 1692, mwezi ambao gavana mpya aliwasili Massachusetts na hati mpya ya koloni. Kamusi hiyo imebaki mlango wa kuingilia kwa sababu ni upana wake unaoipa thamani: karibu kila jina la ukoo la wakati ule limo. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi Savage hataji alikolitoa jambo, na neno “labda” lililomo katika kamusi yake hunakiliwa na wasomaji wavivu kana kwamba ni hakika.

Kwa ndoa, watafiti humgeukia Clarence Almon Torrey, aliyekusanya takriban ndoa 37,000 za kabla ya 1700. Kazi yake ilipochapishwa mwaka 1985 vyanzo viliachwa nje, jambo ambalo kwa maoni yangu liliiondolea nusu ya faida yake, kwani msomaji alipewa jibu bila njia ya kulihakiki. Toleo la mwaka 2011, lenye majuzuu matatu, ndilo lililovirudisha. Robert Charles Anderson naye alikuwa amekwisha kutoa, mwaka 1995, majuzuu matatu kuhusu waliohamia kati ya 1620 na 1633, ambamo kila dai linaambatana na chanzo chake. Umakini huo si anasa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Gustave Anjou aliwauzia Wamarekani matajiri nasaba za kughushi, na baadhi yake zimo maktabani hadi leo.

Hata chanzo halisi humtega asiyezijua desturi za wakati ule. Chukua mfano wa mtu aliyeandika wasia Juni 1640, kisha daftari la mji likasema alifariki Januari 1640. Marehemu hakuandika wasia akiwa kaburini. Hadi 1752 Waingereza na makoloni yao walihesabu mwaka kuanzia tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka, nasi leo tungeiita Januari 1641. Ndiyo maana vitabu vizuri huandika 1640/41.

Maneno ya ukoo nayo yamehama. Neno ambalo Mwingereza wa leo hulitumia kwa binamu, katika wasia za karne ya 17 mara nyingi lilimaanisha mpwa, na lile la mama mkwe liliweza kumaanisha mama wa kambo. Mtafiti anayekutana na “mama mkwe” wa kijana ambaye bado hajaoa hana budi kurudi kwa Torrey na kutafuta kama baba wa kijana huyo alioa mara ya pili.