Kamba Iliyonenepa: Viumbe wa Baharini na Mitambo ya Nishati ya Mawimbi

Darasani kwangu hapa Mbeya kuna kipande cha kamba ya boya nilichokitoa Mtwara, nami hukiweka mezani kabla sijaandika mlinganyo wowote ubaoni. Wanafunzi waliokulia Kyela wanaujua utelezi wa kijani unaoshika chini ya mitumbwi ya Ziwa Nyasa, na hudhani bahari nayo haina zaidi ya huo. Kisha mmoja wao hupitisha kidole juu ya kamba ile na kukirudisha upesi, kwani imejaa magamba ya chokaa yenye kingo kali. Wenye magamba hayo hufananishwa na konokono, ilhali ni ndugu wa kaa na kamba, wale wa kitoweo.

Chuma kipya kikizamishwa baharini, utando wa bakteria huanza kutanda ndani ya saa chache. Hufuata mwani mdogo, kisha lava, yaani wachanga wanaoelea majini, wa viumbe hao wenye magamba na wa kome. Huko Orkney, Uskoti, ambako mtambo wa nishati ya mawimbi uitwao Pelamis ulijaribiwa mwaka 2004, baridi huwapunguza kasi kwa miezi kadhaa, lakini katika bahari ya joto kama yetu huweza kujishikiza mwaka mzima.

Tuchukue kamba ya nanga yenye kipenyo cha sentimita 10. Ikivikwa tabaka la sentimita 5 kuizunguka, kipenyo kinafika sentimita 20, ujazo unakuwa mara nne, na mkondo unaisukuma kwa nguvu isiyopungua maradufu, bado hatujahesabu mikwaruzo ya uso wake. Boya nalo linaongezeka tungamo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye hasara inayosahaulika. Boya la kuzalisha umeme kwa kupanda na kushuka hubuniwa ili mwendo wake wa asili ulingane na kipindi cha mawimbi ya mahali lilipo, kama msukuma bembea anayejua wakati wa kusukuma. Likiwa zito linachelewa kuitika, na umeme unapungua ingawa hakuna kilichovunjika.

Kuna wanaoshauri rangi za meli za kuzuia viumbe hao. Zile laini za silikoni hutegemea meli ikate maji kwa kasi ndipo viumbe wabanduke, lakini mtambo wa mawimbi umetiwa nanga. Za shaba hutoa sumu yake kidogo kidogo hadi ikaisha, na zile zenye kampaundi za bati, zilizodhuru chaza na konokono wa baharini, zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2008. Mafundi wa majahazi waliopaka deheni, mafuta ya kukinga mbao za chombo, walikuwa na nafasi tusiyo nayo: maji yakipwa, chombo kililala mchangani kikakwanguliwa. Mtambo ulioko kwenye kina cha mita 50 humtaka mpiga mbizi na siku tulivu, nasi tumeuweka pale makusudi kwa sababu bahari haitulii.

Ndiyo maana naupenda mtambo wa Mutriku, Hispania, uliofunguliwa 2011 ndani ya ukuta wa bandari. Wimbi hupanda chumbani na kusukuma hewa, hewa huzungusha mapanga yaliyo juu ya maji, na viumbe wameachiwa kuta za zege.