Elimu kwa Umma: Kauri Inayong'aa Haikuokotwa Ikiwa Tupu

Likizo ya Agosti ikiisha na mabasi na treni kurudi mjini, malalamiko huanza kumiminika kwenye dawati letu hapa Nairobi. Mengi yanafanana. Familia ilikwenda Malindi, Watamu au Lamu, watoto wakaokota makombe (magamba ya konokono wa baharini), mzigo ukapita kwenye mashine ya ukaguzi, afisa akaufungua na makombe yakabaki kwake. Wanaotuandikia wana uchungu wa kweli, na hatuna sababu ya kuwashuku nia mbaya. Lakini karibu kila barua ina sentensi ile ile: "Niliokota tu, sikuua kitu." Makala haya yanaijibu sentensi hiyo, kisha yanaeleza utaratibu, maana kwenye utaratibu ndiko wengi hujikwaa.

Tuanze na kauri, lile kombe dogo la baharini lenye mgongo laini unaong'aa. Konokono wa kauri akiwa hai hulifunika kombe lake kwa nyama laini inayochomoza pande zote mbili na kukutana mgongoni. Nyama hiyo ndiyo inayolilinda na kuliongezea mng'ao wake. Konokono akifa kifo chake, kombe hubingirishwa na mawimbi, husuguliwa na mchanga na kuchomwa na jua, likafifia na kukwaruzika. Kwa hiyo kauri inayong'aa kama sahani mpya haikuokotwa ikiwa tupu. Ilichukuliwa mwenyewe akiwa ndani, ikachemshwa au ikafukiwa mchangani hadi nyama ikaoza. Ndiyo maana baadhi ya mifuko inayofunguliwa kwenye ukaguzi hunuka: nyama imebaki kwenye mzunguko wa ndani kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki. Harufu hiyo haitajwi katika barua yoyote ya malalamiko.

Na lile lililofifia? Hilo nalo lina mpangaji. Kaa wengine wana tumbo laini lisilo na gamba, na huishi ndani ya makombe yaliyoachwa na konokono. Kaa wa aina hii akikua hulazimika kuhama, na asipopata kombe kubwa zaidi hubaki wazi kwa ndege na samaki. Yasiyokaliwa na kaa husagika polepole yakawa sehemu ya mchanga ule ule mweupe mnaoufuata Watamu.

Watu hutuambia bahari ni kubwa, basi mtu akichukua kidogo kuna ubaya gani. Ni kweli kwamba bahari ni kubwa, lakini uhai wake mwingi umebanana kwenye ukanda mwembamba ulio karibu na nchi kavu: miamba ya matumbawe, nyasi za bahari na mikoko. Ukanda huo ndio mnaoutembelea maji yanapokupwa. Kwa upande wa mikoko, Lamu peke yake ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya.

Bahari ya kaskazini, yaani kutoka Watamu na Malindi kupitia Ghuba ya Ungwana na mdomo wa Tana hadi Lamu na Kiunga mpakani na Somalia, haifanani na ile ya Diani. Msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, takriban Novemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hushuka kusini na kukutana na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaopanda. Ikikutana, maji husukumwa kuelekea bahari kuu, na maji ya baridi yenye rutuba huibuka kutoka vilindini. Rutuba hiyo huotesha mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, dagaa hufuata chakula, na jodari humfuata dagaa. Kusi, upepo utokao kusini, ikivuma mambo hugeuka. Bahari huchafuka, mashua nyingi ndogo hubaki pwani, na visiwa vidogo vya Kiunga, ambavyo ni zaidi ya 50, hupata utulivu. Hapo ndipo buabua, ndege wa baharini, hutaga mayai juu ya mwamba mtupu, bila kiota cha maana. Mgeni akiteremka kisiwani kupiga picha, ndege wote huruka kwa pamoja na mayai hubaki juani. Nyangumi wa nundu nao hupita wakati wa kusi, kuanzia Julai, wakitoka maji ya Antaktika kuja kuzaa kwenye joto. Ukiwa Watamu, waone kwa mbali na umwambie nahodha apunguze mashine.

Sasa kuhusu maeneo yenyewe, kwa kuwa hapa pana mkanganyiko usiokwisha. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ndani ya mbuga hakuna kinachochukuliwa: si samaki, si kombe, si kipande cha tumbawe lililovunjika, si mchanga. Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, ni hifadhi. Katika hifadhi wavuvi wenyeji wanaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi. Basi mtalii kutoka Nairobi humwona mvuvi wa Kibajuni akipakua samaki ndani ya hifadhi na kusema, "Mbona yeye?" Ni kwa sababu sheria inamruhusu yeye, kwa zana zake, kwa riziki yake. Haikuruhusu wewe na mfuko wako. Tumelieleza jambo hili mara nyingi na tutaendelea kulieleza.

Nje ya mbuga, biashara ya makombe huongozwa na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na mfanyabiashara anatakiwa kuwa na leseni. Hapa ndipo penye kosa la pili: mnunuzi hutuonyesha risiti ya kibanda. Risiti inathibitisha kwamba ulilipa. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, wala haigeuki kuwa kibali cha kusafirisha nje ya nchi. Matumbawe magumu, hata yakiwa makavu kabisa, pamoja na chaza wakubwa na farasi wa baharini, wamo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo anayemchukulia shangazi yake aliyeko London zawadi ya tumbawe anahitaji kibali cha CITES kabla ya kufika uwanja wa ndege. Kibali huombwa kabla ya safari. Afisa aliye kwenye foleni ya ukaguzi hana mamlaka ya kukitoa, hata umbembeleze vipi, na ndege yako haitangoja.

Kasa na nguva wako katika daraja jingine kabisa. Wamo katika Jedwali la Kwanza, na kwao sheria ni kali. Kifungu cha 92 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 kinasema kwamba anayepatikana bila kibali na nyara (sehemu yoyote ya mwili) ya kiumbe wa daraja hilo atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 3, au atafungwa kwa muda usiopungua miaka 5, au adhabu zote mbili. Tafadhali soma tena neno "isiyopungua". Hicho ni kiwango cha chini. Na nyara si gamba zima la ukutani peke yake. Bangili ya gamba la ng'amba, aina mojawapo ya kasa, ni nyara. Kitana ni nyara. Chupa ndogo ya mafuta ya kasa, ile inayouzwa kwa siri na kusifiwa kwamba hutibu pumu, ni nyara pia. Mtoto mwenye pumu apelekwe hospitali. Tena nyama ya kasa, hasa ya ng'amba, inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, na imewahi kuua watu katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Hatulisemi hili kuwatisha, ingawa tungefurahi likiwatisha.

Ukali huo una sababu. Kenya ina aina tano za kasa majini mwake. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Jike hufukia mayai yapatayo mia moja na zaidi, huyaacha kwa takriban miezi miwili, na joto la mchanga ndilo huamua watakuwa madume au majike; mchanga ukiwa moto zaidi, majike huzidi. Wakianguliwa usiku hufuata mwangaza wa bahari, na taa za hoteli huwapoteza wakaelekea barabarani. Nguva hali yake ni mbaya zaidi. Hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Anakula nyasi za bahari, na mahali pa nyasi ndipo nyavu za jarife, zile kubwa za kunasia samaki, hutegwa. Akinaswa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi. Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, waliokomaa wakikadiriwa kuwa chini ya 250 kwa ukanda wote.

Lipo jambo jingine, na hili halihusu likizo. Wapo wanaotutumia picha za chupa na mifuko kwenye fukwe za Malindi wakiuliza kwa nini wenyeji wa pale ni wachafu. Fuateni maji. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hukata jiji, hupokea maji ya mito ya Mathare na Ngong, kisha huingia Athi. Athi hushuka Ukambani, huungana na Tsavo na kuitwa Galana, halafu Sabaki, na humwaga baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Kilichotupwa mtaroni Gikomba kina njia iliyonyooka hadi kwa viboko na ndege wa mdomo wa Sabaki. Kutoka hapo upepo ndio unaoamua: kusi hupeleka maji ya mto kaskazini, upande wa Ungwana, na kaskazi huyateremsha kusini hadi kwenye matumbawe ya mbuga ya Malindi. Mfuko unaoelea hufanana na yavuyavu, kiumbe laini wa baharini ambaye kasa humla, na kasa huumeza.

Kwa haki, tope jingi la Sabaki hutoka mashambani kwenye miinuko, si mjini. Matumbawe yenyewe yameweka kumbukumbu. Wanasayansi walichunguza tumbawe moja la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300 na kukuta kwamba dalili za udongo uliomomonyolewa zilianza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa kwa nguvu. Tope huzuia mwanga, na tumbawe hutegemea mwani mdogo ulio mwilini mwake ambao bila mwanga haufanyi kazi. Tumbawe lililodhoofishwa na tope huwa na wakati mgumu zaidi maji yanapopata joto kama mwaka 1998.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 2017, na adhabu yake ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki zinazotumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, pamoja na mbuga za bahari: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Shule zinazopanga ziara zizingatie hili mapema. Watoto wabebe chupa zao za kujaza tena, kwa sababu katoni ya maji ya dukani itabaki langoni, na mwalimu kutuandikia baadaye hakutairudisha.

Ukikuta kasa au nguva amekufa au amenaswa ufukweni, usimguse kutafuta gamba na usimsukume majini. Mjulishe askari wa wanyamapori aliye karibu, au kituo cha polisi, na uombe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Namba hiyo ndiyo kinga yako iwapo mtu atakuona hapo na kudhani vingine. Ukizuiwa na mzigo wako kukaguliwa, uliza orodha ya vitu vilivyochukuliwa, isome kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala. Malalamiko bila nakala hiyo hatuwezi kuyafuatilia.

Na wale wanaotupigia kuuliza kwa sauti ya chini kuhusu gamba la kasa lililoachwa ukutani na babu: kurithi si kibali. Usiliuze, usimpe jirani, usilifiche darini. Fika ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe na uulize afisa jinsi ya kulisalimisha kabla hujalisafirisha, kwa maana gamba likiwa kwenye buti la gari Barabara ya Mombasa, maelezo yako yatamkuta askari asiyemjua babu yako.